Msaga nafaka wa Kharumwa aliyeona aibu kupona

Saa nne asubuhi, mashine ya kusaga iliyo jirani na soko la Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, inanguruma kiasi kwamba watu wanasalimiana kwa kupungiana mikono. Asteria Luhende amesimama pembeni yake, kope zimejaa unga, mkono mmoja uko karibu na swichi na mwingine unapapasa unga unaotoka kuona kama umelainika.

Mwanamume mwenye kifua kipana anatua debe la mahindi mbele yake, kisha anasubiri. Asteria naye anasubiri.

"Pandisha," Asteria anamwambia.

"Si kazi yako hiyo, mayu?" anauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ilikuwa. Siku hizi nasaga tu."

Mwanamume anatazama foleni akitafuta wa kumuunga mkono. Wanawake wote wanatazama barabarani. Analinyanyua debe mwenyewe, analimimina kwenye mdomo wa mashine, na huku akidhani kelele zimemficha, ananong'ona kwamba mama huyu ni mzima kuliko yeye.

Asteria amemwelewa. Miaka kumi na mmoja kwenye mashine imemfundisha kusoma midomo.

"Hilo ndilo tatizo langu," anasema baadaye, akiwa ameketi juu ya gunia la pumba. "Naonekana mzima."

Asteria, ambaye wengi humwita Mama Vumilia kwa jina la binti yake wa kwanza, ana umri wa miaka 47 na watoto watano. Kwa siku husaga madebe hamsini hadi sitini, na mwenye mashine, Magesa, humlipa shilingi 8,000. Kwa miaka minne aliifanya kazi hiyo huku akivuja damu. Hedhi ilimshika siku kumi, wakati mwingine kumi na mbili, na mara mbili alilazwa akaongezewa damu. Magesa alidhani mfanyakazi wake ameanza kupenda kukaa.

Wifi yake, Ghati, mzaliwa wa Tarime aliyeolewa na kaka yake, alikuwa na shida hiyohiyo. Hawakuwahi kuambiana. Waligundua siku walipokutana kwenye foleni ya kliniki ya wanawake, kila mmoja akidai amekuja kumsindikiza mtu.

"Tukakaa pale saa nzima tukiwasubiri hao watu wetu," anasema Ghati. "Muuguzi alipoita jina langu, ndipo nikakiri."

Wote wawili walikutwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Mwezi Machi, katika hospitali moja ya rufaa Kanda ya Ziwa, walitolewa kizazi, Asteria siku ya Jumanne na Ghati Jumatano.

Upasuaji haukufanana. Uvimbe wa Asteria ulikuwa mdogo, kwa hiyo madaktari walipitisha kamera na vifaa vyembamba kwenye matundu matatu. Ghati tumbo lake lilikuwa kubwa kama la mimba ya miezi saba, tena alikuwa na makovu ya upasuaji wa zamani. Yeye alifunguliwa.

Hospitali hiyo ilikuwa ikifuatilia jinsi mwili unavyopokea kila aina ya upasuaji, na mawifi hao walikubali kushiriki. Maana yake ni kwamba walichukuliwa damu kabla ya kupasuliwa, mara tu baada ya upasuaji, muda wa saa sita baadaye na kesho yake.

"Nilimwambia muuguzi, dada, damu yenyewe tumekuja nayo kidogo," anasema Ghati.

Muuguzi huyo, Rebeka, anacheka akikumbuka. Anasema wagonjwa wengi humuuliza damu hiyo inakwenda wapi.

"Nawaambia mwili hauna habari kama aliyeupasua ni daktari au fisi," anaeleza. "Ukikatwa, unajiona uko hatarini. Homoni zinapanda, moyo unakimbia, sukari inaongezeka ili upate nguvu ya kukimbia. Sisi tunapima mwili umeshtuka kiasi gani."

Mwili wa Ghati ulishtuka sana. Kesho yake alikuwa na homa, moyo ukimdunda, hataki hata kusikia harufu ya chakula.

"Wakaniambia sukari imepanda," anasema. "Nikawauliza, imepandaje, na mimi tangu juzi hata chai sijaonja?"

Kitanda cha pili, Asteria alikuwa ameshaomba ugali. Vipimo vyake vilionyesha mwili wake umeshtuka kidogo, jambo ambalo Rebeka anasema huonekana kwa wengi wanaopasuliwa kwa matundu, ingawa si kwa wote. Asteria alikula akiwa amegeukia ukutani ili wifi yake asimwone akitafuna.

"Nilikuwa naona aibu kupona," anasema. "Mwenzangu anaugulia, mimi nauliza kama mboga imebaki."

Aibu ilizidi walipofika nyumbani. Ndugu walimiminika kwa Ghati, wakamkuta amelala chali na bandeji ndefu. Walimletea kuku tisa na mbuzi mmoja. Asteria aliletewa kuku mmoja, na aliyemleta alikuwa amekosea nyumba.

Siku ya sita alikuja Mageni, shangazi wa mumewe, akataka kuona kidonda. Asteria akamwonyesha alama tatu.

"Umepasuliwa au umechanjwa chale?" Mageni akauliza.

"Nimepasuliwa, shangazi."

"Hospitali gani siku hizi inachanja chale?"

Kufikia jioni, habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba Mama Vumilia hakwenda hospitali, alikwenda kwa mganga, tena mganga mwenyewe wa bei rahisi.

Siku ya kumi na moja Magesa alimkuta akifagia uwanja wake. Kijana aliyemshikia kazi alikuwa akitoa unga wenye chenga na wateja walikuwa wanahamia mashine nyingine. Magesa alimwambia kama anaweza kufagia, anaweza kusaga.

"Na mimi nilijisikia vizuri," Asteria anakiri. "Tena nilitaka watu waache kusema. Nikarudi."

Debe la kwanza alilipandisha. La pili pia. Alipoinua la tatu, alihisi kitu kimevutika ndani, na alipofika nyumbani alikuta damu. Mumewe, Januari, alimkodia gari hadi hospitali.

Kwa bahati, mshono wa ndani ulikuwa umevutika tu, haukuachia. Alilazwa siku tatu. Rebeka alimketisha akamweleza upya kile ambacho, kwa furaha ya kuruhusiwa, hakukisikia mara ya kwanza: ngozi ilikatwa kidogo na mwili ukashtuka kidogo, lakini kilichotolewa ndani ni kilekile alichotolewa Ghati. Asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita, hata akijisikia kama msichana.

Kisha Rebeka aliomba namba ya Magesa. Magesa alipokea simu akiwa kwenye mashine, akaweka spika ili asikie vizuri. Foleni nzima nayo ikasikia vizuri.

"Lakini muuguzi, mbona anacheka?" Magesa alijitetea.

"Kucheka hakunyanyui debe," Rebeka akamjibu. "Mshono ungeachia, tungekuwa tunazungumza habari nyingine sasa hivi."

Tangu siku hiyo wateja hupandisha wenyewe. Wiki sita zilikwisha zamani, lakini Asteria hajaona sababu ya kumkumbusha bosi wake. Ghati, aliyekaa miezi miwili kabla ya kuinuka vizuri, alimletea wifi yake kuku wanne kati ya wale tisa, akasema ni fungu lake.

Simu ile ilileta jambo ambalo Asteria hakulitarajia. Wanawake walianza kumkaribia mashine ikinguruma, wakimwambia sikioni mambo ambayo nyumbani hawayasemi. Wiki iliyopita mama mmoja wa makamo alikuwa akimpigia kelele sikioni ili asikike, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, na sauti yake ikabaki peke yake sokoni:

"Siku kumi na mbili, dada, na mabonge!"

Wanaume wawili wakaondoka wakaacha mahindi yao. Mama yule akajifunika uso kwa kanga. Kisha mwanamke mwingine katikati ya foleni akasema taratibu, "Hata mimi." Mwingine nyuma yake akanyoosha mkono, kama yuko darasani.

Alhamisi ijayo wanawake watano wa foleni hiyo wanakwenda kliniki, na Asteria amemwomba Magesa ruhusa ya siku moja awapeleke kwa Rebeka. Ghati naye anakwenda, na amesema atawaonyesha kovu lake wote wanaotaka kuliona.

Alipoulizwa kama haogopi kuwatisha, Ghati alitikisa kichwa.

"Aina ya upasuaji ataamua daktari," anasema. "Mimi nataka watuone tumesimama pamoja, wifi na mimi, wajue kwamba tulikwenda wawili na tukarudi wawili."