Bomba la Kupuliza kwa Mdomo

Shoga yangu, haya sijamweleza mtu mwingine hapa Temeke. Nakueleza wewe kwa kuwa najua hutaanza kuniuliza nani wa kulaumiwa. Wa kulaumiwa ni mie.

Mume wangu alikuwaga mwadhini wa msikiti wetu. Kipaza sauti hatuna; akisimama pale barazani, sauti yake inafika mpaka mashambani. Riziki yetu ilikuwa vijimeli vya mti: anachonga yeye, napaka rangi mie. Mzungu mmoja wa bandarini akawa anavinunua vya kuweka ofisini, ila analalamika brashi inaacha mistari. Akatuambia tutafute bomba dogo la kupulizia rangi.

Tukaenda mjini. Mhindi mwenye duka akatoa mawili. Moja lina sindano ndani na kitufe cha kubonyeza, linataka hewa ya pampu. La pili ni mirija miwili tu: mmoja unatumbukiza kwenye rangi, mwingine unapuliza kwa mdomo.

"Chukueni la sindano," akasema. "La mdomo linachosha."

Nikacheka. "Linamchosha nani? Huyu anaadhini mara tano kwa siku! Kifua hiki kishindwe na vijirija?"

"Umesikia mwenyewe," mume wangu akamwambia, kifua mbele. "Mama watoto ameshakata shauri."

Tukachukua la mdomo. Akapuliza yeye, maana mie pumzi ilikuwa inakatika, rangi inatoka madoa.

Tena nikaongeza kosa. Temeke mchanga mtupu. Upepo kidogo tu, mchanga unanata kwenye rangi mbichi, meli inaota chunusi. Nikawa nafunga dirisha, naziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu, nanyunyiza maji sakafuni vumbi litulie. Humo ndani anapuliza, anavuta pumzi ndefu, anapuliza tena. Rangi ikatoka laini kama ganda la yai. Nikamshukuru Mungu.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja napepeta mchele, adhana ikakatika katikati. Nikashika ungo, nangoja. Ikaendelea, ikakatika tena. Aliporudi nikamuuliza.

"Kohozi tu, mama watoto."

Baadaye akawa anaswali ameketi. Hospitali daktari akamsikiliza kifua, akauliza anafanya kazi gani. Nikajibu mie, mpaka habari ya dirisha. Akatikisa kichwa, akaandika kuwa mvuke wa rangi umemwingia mapafuni.

La sindano tukaja kulinunua, tumeshachelewa. Hewa yake naitoa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori, naujaza kwa pampu ya baiskeli. Napulizia nje, nyuma ya nyumba. Mchanga ukinata, naukwangua, narudia.

Sasa anaadhini mtu mwingine. Mume wangu anakaa mlangoni, midomo inafuatisha, sauti haitoki. Mie natandika mswala wangu pale pale nyuma yake. Kila sala naomba nisamehewe kile kicheko cha dukani.

Shoga yangu, ukisikia mtu anatafuta bomba lake la kwanza, msimulie haya kabla hajafika dukani. Jina letu si lazima. Mwambie achukue la pampu, afungue dirisha, mchanga na uingie.