Zabibu za Chini ya Kanisa

Shangazi Verjin alizaliwa kwenye kichochoro cha nyuma ya kanisa letu hapa mtaani Samatya, akaolewa humo kanisani, mumewe akaombewa humo alipofariki, na hadi leo ndiye anayelifagia. Kanisa limeungua na kujengwa upya, lakini limekaa juu ya kuta za kanisa la kale la Wagiriki. Ukishuka ngazi unakuta matao yao, nguzo zao na baridi yao. Verjin huwaita Wagiriki hao wapangaji wa chini.

Kwetu hakuna anayegusa zabibu kabla hazijabarikiwa kwenye sikukuu ya Mama Maria, mwezi wa Agosti. Verjin alijivunia kwamba tangu azaliwe hajawahi kuvunja mwiko huo. Mwaka jana, siku moja kabla ya sikukuu, aliteremsha makreti ya zabibu chini ili zisiharibike kwa joto. Mlango ukajifunga nyuma yake, na alipojaribu kuufungua, ufunguo ukamkatikia ndani ya kitasa.

Mimi nilikuwa nimemletea chakula, nikamsikia akiita nyuma ya mlango. Ana kisukari, alikuwa keshajidunga sindano ya insulini na hajala kitu. Sukari ikishuka, mtu huzimia.

"Shangazi, kula zabibu."

"Koma, mwanangu. Hazijabarikiwa."

"Utakufa humo."

"Nitakufa safi."

Nikamkimbilia Padri Husik, akaja na seremala.

"Verjin, kula, nakuruhusu. Mgonjwa hana mwiko."

"Ruhusa ya wagonjwa wape wagonjwa."

Lakini sauti yake ilikuwa imeanza kulegea. Namjua: hakutaka ruhusa, alitaka la kuwajibu majirani.

"Shangazi," nikasema, "huko chini ni kwa nani?"

"Kwa Wagiriki. Leo ndiyo unauliza?"

"Na wao zabibu zao wamezibariki lini?"

Wagiriki hubariki zabibu zao siku chache kabla yetu.

"Wiki iliyopita," akajibu polepole.

"Basi uko kwao."

"Kweli, si adabu kumkatalia mwenye nyumba."

Tukasikia anatafuna.

Seremala alipofanikiwa kufungua, Verjin alikuwa amekaa juu ya kipande cha nguzo, rangi imemrudia, miguuni rundo la vikonyo vitupu.

"Dawa gani hii, nusu kreti?" nikamuuliza.

"Walinilazimisha."

Kesho yake, Padri Husik alipokuwa akigawa zabibu zilizobarikiwa, alimruka makusudi. Verjin akamshika joho.

"Padri, huku juu mwaka huu sijala bado."