Borough Nzima

Nakumbuka Jumamosi moja ya Januari, miaka mingi sasa. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi pale steshini ya treni ya Stratford, hapa London, nimekaa kitandani navua viatu, simu ikaita. Alikuwa Mwanahawa, mdogo wangu aliyenifuata ziwa. Huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza Marekani. Tanga nzima tulijaza fomu za ile bahati nasibu ya viza, na katika nyumba yetu akapata yeye. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee kwenye nyumba moja huko Pennsylvania. Mwanangu, ningejua, simu ile ningeishika kwa mikono miwili.

Hawa hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniamkia, akaniuliza hali, kisha akasema, "Dada, hapa hakuna watu."

Sasa nielewe vizuri. Kwetu mtu akikwambia mahali hapana watu, mara nyingi anakusudia hapana watu wa maana, watu wa kukaa nao ukasikia raha. Hivyo ndivyo nilivyomsikia. Nikaona huyu keshaanza kuchagua, kafika juzi tu na watu wa huko hawamtoshi. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko ulivyo leo, na leo mnaujua. Kando yangu palikuwa na bahasha ya barua yake ya mwisho, na kwenye anwani nilikuwa nimesoma neno moja: borough.

Kosa langu lilianzia kwenye neno hilo. Wewe umezaliwa hapa London, unajua borough ni nini. Mji umekatwa vipande, kila kipande kina halmashauri yake, na kila kipande ni mji unaojitosheleza. Hii yetu ina masoko, misikiti, makanisa, hospitali, na mabasi ambayo hata nikianza kuyataja sitayamaliza. Na mimi kutwa nilikuwa nasimama kwenye mageti ya tiketi, watu wananipita mpaka nikilala nawaota. Ukiniambia borough, nilikuwa naona vichwa vya watu.

"Hawa," nikamwambia, "uko kwenye borough nzima halafu unaniambia hakuna watu? Mie hapa borough moja, ukikohoa kwenye basi, Mswahili anakwambia pole. Wewe umezoea kutafutiwa watu."

Halafu akauliza kama ningeweza kumwandikia barua ya mwaliko, ile wanayoitaka ubalozini, aje kwangu hata wiki tatu. Nikamjibu nitaona. Nitaona yangu siku zile ilikuwa maana yake hapana, na yeye aliijua tangu utotoni. Nilikuwa nimechoka, na chumba changu kilikuwa kidogo, na kusema kweli nilikuwa naona raha kuwa mkubwa wa mtu. Nikammalizia na amri.

"Jumamosi ijayo usikae ndani. Toka, tembea mpaka uwaone watu, ndiyo unipigie."

Akasema, "Haya, dada."

Jumamosi iliyofuata alitoka. Hakuwahi kunivunjia neno, tangu tuko wadogo. Aligongwa na lori saa nane mchana, nje kidogo ya mji wake, kwenye barabara isiyo na njia ya miguu. Theluji ilikuwa imerundikwa pande zote mbili mpaka pa kukanyaga palibaki lami tu. Dereva alitokea konani, na kule hakuna mtu anayetembea, kwa hiyo hakutazamia kumkuta mtu. Sijawahi kumlaumu yule dereva.

Nilipofika, mdogo wangu alikuwa ameshazikwa. Walikuja Waislamu wa mji mkubwa, mwendo wa saa mbili kwa gari, watu wasiomjua hata jina. Wanawake wao wakamwosha, wanaume wao wakamsalia, Mungu awalipe. Mimi kazi iliyonibakia ilikuwa kwenda kukusanya nguo zake.

Teksi ikasimama, nikamuuliza dereva bado mbali gani. Akanijibu kuwa ndiyo tumefika; kumbe kule hata kimji kidogo namna ile huitwa borough. Palikuwa na mto, na vilima viwili vinaubana huku na huku. Palikuwa na reli, lakini treni za mizigo hupita bila kusimama. Barabara ni moja, ina taa moja ya kuongozea magari. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, madirisha yamepigiliwa mbao. Kituo cha mafuta ndicho kilikuwa duka la kila kitu. Basi hakuna. Niliitembea borough ile kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake, na nilipofika mwisho nilikuwa bado sijamaliza kulia.

Ufunguo wa chumba cha Hawa ulikuwa kwa karani wa borough. Ofisi yake haikupita ukubwa wa sebule hii. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, na theluji ikianguka ni yeye huyohuyo aliyekuwa akiendesha gari la kuisukuma. Katika mazungumzo akanitajia idadi ya watu wao, mpaka mtu wa mwisho, bila kutazama karatasi. Wote, mwanangu, wangeenea kwenye treni moja ya chini ya ardhi, ile ya Jubilee, asubuhi, na wengine wangepata pa kukaa.

"Mdogo wako nilimhesabu mwenyewe," aliniambia. "Nilibisha hodi, akanipa chai. Akaniuliza kama yupo mwingine wa kwao hapa. Nikamwambia hapana, ni wewe peke yako."

Kisha akaniuliza kama najua Hawa alikuwa anakwenda wapi siku ile, kwa miguu, kwenye baridi namna ile. Hakuna mtu pale aliyeelewa. Nilijua, nikamwomba ufunguo.

Nikiwa chumbani mwake, nimekaa juu ya sanduku lake, nilimpigia mama Tanga. Nikamsimulia mto, vilima, ile taa moja. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulimuuliza?" akasema.

"Nini, mama?"

"Hapo alipokuwa. Ulimuuliza hapo pakoje?"

Sikuwa nimemuuliza. Mama hakunigombeza, si siku ile wala baadaye, na aliondoka duniani bila kulirudia. Ningefurahi kama angenitukana.

Nakwambia haya leo kwa sababu jana nilikusikia ukizungumza kwa simu, umeiweka spika, na Rehema, binti wa mjomba wako, aliyekwenda kutunza wazee huko kaskazini ya Scotland. Alikwambia kumepooza. Ukamjibu, "You'll be fine, just get out more," yaani atazoea, atoke tu nje zaidi, ukarudi kwenye sahani yako. Nilitoka sebuleni ili usinione uso. Sikukasirika, mwanangu, niliogopa.

Basi shika neno langu. Mtu akikutajia alipo, usipachore kichwani kwa kupafananisha na kwako, hata kama jina ni moja. Muulize dirishani anaona nini. Muulize duka liko umbali gani na anafikaje, na tangu asubuhi amezungumza na nani. Muulize mpaka na wewe upaone. Akikwambia hapana watu, mwamini, maana yeye yuko huko na ameshahesabu. Na akiomba kuja kwako, usimwambie utaona. Chumba kidogo hakijawahi kumuua mtu.

Mungu akulinde na ulimi wa haraka, huu uliourithi kwangu. Akupe sikio la bibi yako. Na popote utakapofika duniani, akujaalie mtu wa kukuuliza pakoje. Sasa chukua simu, mimi nikiwa nimekaa hapahapa, umpigie Rehema.