Mkono wa Chifu kwenye Kaburi la Tekla

Asubuhi ile Wendelin alivaa shati jeupe ambalo Tekla mwenyewe alikuwa amelipiga pasi ya mkaa wiki iliyopita. Lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya sanduku, likisubiri msiba wa mtu mwingine. Sasa Tekla, binti yake wa pekee, alikuwa amelazwa chumba cha pili chini ya khanga za mama yake. Homa ilimpanda kichwani, na jana jioni akafariki.

"Unakwenda wapi?" mkewe, Brigita, alimuuliza.

"Kidatu. Kumwita chifu."

Ukoo wao ulihamia Mkula zamani kutoka upande wa Mahenge, ukaja na chifu wake. Serikali ilikuja kuufuta uchifu, lakini jambo moja watu hawakuliacha: kaburi la mtu wao halikufukiwa mpaka mkono wa chifu utie udongo wa kwanza na kumshika mfiwa mkono. Raimundi, chifu wa sasa, alikuwa mfanyabiashara wa saruji na mabati kule Kidatu. Siku ya kusimikwa kwake alimkabidhi Wendelin usinga wa mkia wa nyati mbele ya watu wote, amshikie kwenye misiba ambayo yeye hataweza kufika. Tangu siku hiyo Wendelin akaitwa Mkono. Akiwa ameushika usinga, hata wazee waliomzidi umri walimwamkia kama chifu, alikalishwa kwenye kigoda na kuandaliwa sahani ya kwanza. Na hakuruhusiwa kulia. Chifu akilia mbele za watu, nani atawanyamazisha wengine?

Wendelin alikuwa mkali wa mambo hayo kuliko chifu mwenyewe. Mdogo wake alimzika bila kupangusa jicho. Vijana aliwafundisha kwamba sahani ya chifu hairudi na chakula, maana kukiacha ni kuwatukana wafiwa.

"Mdogo wako ulimzika kama unazika mpita njia, nikanyamaza," Brigita alisema. "Leo sinyamazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, baba Tekla. Aje mwenyewe aushike usinga wake, wewe ukae na mimi hapa mkekani tumlilie mtoto wetu."

"Atakuja," alisema Wendelin. "Kwa hili atakuja."

Ulikuwa mwaka wa mvua za elinino, na barabara ilikuwa imechimbika vibaya. Basi likazama kwenye tope, abiria wakashuka kusukuma.

"Mzee wa shati jeupe aachwe, atachafuka!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Huyo anakwenda kuoa!" mwingine akadakia, na basi zima likacheka. Wendelin naye akatabasamu, maana hakujua afanye nini kingine.

Alimkuta Raimundi dukani, anawahimiza wapagazi washushe saruji kutoka kwenye lori. Mawingu yalikuwa yamejifunga juu ya milima.

"Shikamoo, chifu," alisema Wendelin, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri.

"Marahaba, mzee wangu. Nani tena?" Raimundi aliuliza bila kugeuka. Mkono hakuwahi kuja Kidatu pasipo maiti.

"Tekla."

"Tekla wa nani?"

"Wangu."

Raimundi akageuka. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoumiza. Alimkalisha kwenye mfuko wa saruji, akamshika bega, akalia. Alilia wazi, mbele ya wapagazi na wateja, huku akijipangusa kwa leso. Wendelin alimtazama chifu wake akimlilia Tekla, naye macho yake makavu.

"Tunazika saa kumi," alisema. "Tukipata gari sasa hivi tutawahi."

Chifu alilitazama lori, akalitazama na wingu. "Mzee wangu, mvua hii unaiona. Saruji ikilowa nimekwisha. Nenda ukanishikie."

"Chifu, mfiwa ni mimi."

"Najua, mzee wangu."

"Basi usinga apewe mwingine, leo tu. Evodius jirani yangu yupo."

"Usinga hautumwi kwa basi. Si wewe uliyenifundisha? Unatoka mkono wa chifu mwenyewe kwenda mkono mwingine, mbele ya watu." Hakusema kwa kejeli. "Na nani atanisimamia kama wewe?"

Akampa sanda na mfuko wa mchele. Kisha, kwa mazoea, akasema, "Waambie wafiwa msiba huu ni wangu."

Wendelin angeweza kukataa. Lakini aliliona kaburi likiwa wazi na watu wamesimama na majembe, halafu wakilifukia hivyo hivyo kama la mtu asiye na kwao. Akaubeba mchele.

Basi liliposimama Mkula, Brigita alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma ya mumewe aone nani mwingine anashuka. Basi likaondoka.

"Ameleta mchele," Wendelin alisema.

Brigita akaingia ndani.

Katekista Antoni alipomaliza sala, jeneza likateremshwa. Wendelin, usinga mkononi, akainama, akatia udongo wa kwanza. Sauti ilimtoka ileile, haikutetemeka.

"Chifu anasema msiba huu ni wake. Mfiwa anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooshwa. Watu walitazama chini. Evodius akakohoa. Mvua ikaanza kudondoka juu ya udongo, na bado Wendelin alisimama, mkono wake umenyooka mbele yake.

Mwishowe Brigita akatoka katikati ya wanawake, akaushika.

"Shikamoo, chifu," alisema.

Wendelin akaitikia, "Marahaba."

"Tumepokea." Akauachia mkono wake, akarudi alikotoka, na majembe yakaanza kazi.

Baada ya mazishi walimwekea kigoda barazani. Eufrasia, dada yake Brigita, alipiga magoti na maji ya kunawa. "Karibu, chifu," alisema bila kumtazama usoni, akamwekea sahani ya kwanza: wali wa ule mchele wa Kidatu, na paja la kuku. Kupitia mlango Wendelin aliweza kuuona mkeka. Brigita alikuwa amejikunja upande mmoja, analia, na upande wa pili hakuna aliyekaa.

"Kula, Mkono," Evodius alinong'ona. "Watu wanakutazama."

Wendelin aliuhamishia usinga mkono wa kushoto. Akamega tonge, akalimeza, akamega jingine. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe.