Bibi Aliyewajua Wanaojiangusha

Jumamosi iliyopita, hapa kwangu Missouri City, kando ya Houston, nilikuwa nimeketi na wanangu wawili tukitazama mpira. Mshambuliaji akaingia kwenye kisanduku, beki akanyoosha mguu, na jamaa akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akajiviringisha mara nne. Refa akaweka kidole sikioni. Tukangoja. Waamuzi wa video wakachora mistari, wakarudisha picha mbele na nyuma, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanangu wakachukua simu zao. Mimi, bila kufikiri, nikageukia upande wa kulia wa kochi nimwulize mtu aliyezikwa miaka mingi iliyopita: Bibi, huyu ameumia?

Usinicheke. Ungelelewa kwetu nawe ungegeuka.

Tulikuwa tukikaa Vickery Meadow, kule Dallas, kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili. Mechi za Ulaya kwa saa za Texas huchezwa asubuhi, kwa hiyo kila Jumamosi, saa moja na nusu, sebule yetu ilikuwa imeshajaa. Baba alikuwa na king'amuzi kizuri kuliko majirani, kile cha kusimamisha picha na kuirudisha nyuma. Alikuja dereva Mzanzibari aliyetoka kupeleka watu uwanja wa ndege, akija na usingizi wake machoni. Alikuja jirani Mkongomani wa ghorofa ya chini, mtu wa miraba minne, akiingia tu sakafu inalalamika. Kazi yangu ilikuwa kupanga viatu mlangoni, kukunja godoro nililolalia na kupitisha sinia. Mahamri, mbaazi za nazi, chai ya maziwa yenye iliki. Mbaazi tulizifuata kwenye duka la Wahindi kule Richardson, na nazi ilikuwa ya kopo, jambo ambalo Bibi hakulisamehe mpaka mwisho. Bado nausikia mlio wa mafuta jikoni ukichanganyika na sauti ya mtangazaji na ile mashine ya baridi iliyotetemeka dirishani.

Bibi, mama yake mama yangu, mpira wenyewe hakuujua. Hakuelewa kuotea, na kila kipindi cha pili alishangaa kwa nini wamebadilishana magoli. Lakini alikuwa amefanya kazi wadi za hospitali Mombasa tangu usichana wake mpaka kustaafu, akifagia, akigeuza wagonjwa, akishika mikono ya watu wanaoshonwa. Maumivu aliyajua. Mchezaji akianguka, watu wakianza kubishana, penalti, si penalti, kaguswa, hakuguswa, Baba alisimamisha picha na wote wakageuka upande wa kulia wa kochi.

"Bibi, huyu iko naumia ao iko natudanganya?" Mkongomani aliuliza, tayari ana jasho.

Bibi aliomba irudishwe mara moja tu. Akitazama, alitafuna taratibu. Kisha alisema, "Huyu hana kitu. Inuka, mwanangu, wajichafua bure." Au alisema, "Mwacheni, huyu kaumia," na sauti yake ikashuka, kama yumo wadini.

Hakukosea. Kuna mmoja refa alimpa kadi ya njano kwa kujiangusha, watazamaji uwanjani wanamzomea, na Bibi akasema mguu huo umekwisha. Kesho yake Baba alisoma kwenye habari kwamba jamaa hatacheza tena msimu huo. Tangu hapo ikawekwa sheria ya sebuleni: aliyemtetea mwongo ndiye anayeosha vikombe. Mkongomani, ambaye timu yake ilikuwa na washambuliaji wasioweza kusimama hata upepo ukivuma, aliosha vikombe karibu kila wiki. Ninamwona bado, mikono imejaa povu, akilalamika kwamba mama mzima anashabikia wapinzani.

Mimi nilimwuliza anajuaje. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa wasiwasi, niliyeangalia jiko mara mbili kabla ya kutoka, na nilitaka nijue kila kitu ambacho kingeweza kuniepusha na balaa. Alinifundisha tukichambua mchele. Aliyeumia kweli hunyamaza kwanza, kelele huja baadaye, lakini mwongo hupiga kelele kabla hajafika chini. Aliyeumia hagusi panapouma, hushika pembeni yake. Na macho: mwongo anamtafuta refa, anataka kuona kama ameaminiwa. Aliyeumia hatafuti mtu. Nikawa nawasoma watu wote namna hiyo, mwalimu wangu, wazee kwenye kituo cha treni, watoto wanaolia kwa sababu ya peremende. Lilikuwa jambo la kunifurahisha mpaka Jumatano moja niliporudi kutoka shule nikamkuta Bibi jikoni.

Alikuwa amesimama, unga mkononi, mkono mwingine umeshika ukingo wa sinki. Kimya. Mafuta yalikuwa yanaungua na hakuyaona. Kisha akateremsha mkono, akaushika ubavu wake wa kulia, si penyewe, chini kidogo. Alipogeuka alinikuta mlangoni namtazama.

Hakukana. Alijua ninajua. Alizima jiko, akanikalisha, akaniambia, "Mamako ana mtihani Jumanne. Ukimwambia hatafanya. Siku sita tu, mama. Nitakaa siku sita."

Lazima ujue mtihani ule ulikuwa nini. Mama alikuwa muuguzi Kenya, lakini hapa vyeti vyake havikutosha, kwa hiyo aliwaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kulelea na kusoma usiku na mchana ili apate leseni. Mara ya kwanza mtihani ulimshinda. Alijifungia bafuni, akafungua maji ili tusimsikie, na sote tukamsikia. Hii ilikuwa mara ya pili, na nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Nikamwahidi Bibi.

Siku zile sikuzipenda na siwezi kuzipenda hata nikizikumbuka kwa umbali huu. Alhamisi Bibi hakula. Ijumaa alikaanga samaki, akatupakulia, akasema alishaonja jikoni. Mimi nilikuwa nimemtazama jikoni muda wote, hakuonja. Darasani sikuweza kuandika. Nilihesabu siku kwa vidole chini ya dawati, nikiogopa kwamba akifa nitakuwa nimemwua mimi, na Mama akifeli nitakuwa nimemfelisha mimi. Kulikuwa na njia rahisi. Sisi watoto tulizoea kusema siri zetu kwa Kiingereza mbele ya Bibi, ambaye hakukielewa. Ningeweza kumwambia Mama hapo hapo mezani, Bibi ananitazama na kutabasamu, asijue amesalitiwa. Nilifungua mdomo mara mbili. Lakini niliona ni rafu mbaya, ya kumkwatua mtu kwa nyuma hali hakuoni. Nikanyamaza.

Jumamosi watu wakaja kama kawaida. Bibi alikuwa amekwisha kaa mahali pake, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi. Mechi ilikuwa ya Mkongomani na Mzanzibari, timu zao zinakutana, na kelele ilianza kabla ya kipyenga. Dakika za mwisho, wamefungana bao moja kwa moja, mshambuliaji wa Mkongomani akaanguka kwenye kisanduku. Refa akaelekeza kidole penye alama ya penalti. Mzanzibari akaruka juu: huyo tunamjua, huyo kujiangusha ndiyo kazi anayolipwa. Baba akasimamisha picha. Wakageuka.

Bibi alitazama televisheni bila kuiona. "Hana kitu," akasema.

Baba akaachia picha iendelee. Jamaa hakuinuka. Hakulia, hakumtafuta refa, alilala tu na kifundo cha mguu kimegeukia upande usiofaa, na wachezaji wa timu zote mbili wakawa wanawaita watu wa machela kwa mikono. Sebule ikacheka kwa furaha ya kumwona mtu asiyekosea amekosea. Mkongomani alipiga makofi, akasema leo vikombe ni vya Bibi. Bibi naye akatabasamu, na wakati anatabasamu nikaona vidole vyake vinaminya ubavu.

"Bibi ndiye ameumia," nikasema. Kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mtu asikie, na yeye kwanza.

Akaniambia nina adabu mbovu. Akauliza ana nini yeye, mbona amekaa tu. Niliendelea: hujala tangu Jumatano, mafuta yaliungua, unashika hapo. Mama akatoka chumbani na kitabu chake kifuani, kalamu nyweleni. Na Bibi, aliyekuwa akiyakana maneno yangu, akainua macho haraka kwa Baba, kwa Mkongomani, kwa Mama, akiangalia nani amemwamini. Mama alimwekea mkono ubavuni, Bibi akashusha pumzi, na mchezo ukaishia hapo. Mzanzibari ndiye aliyetupeleka hospitali, akipita taa za njano ambazo siku nyingine angesimama.

Mapokezi walimtaka Mama ajaze fomu. Mimi nikabaki na Bibi kwenye kijichumba cha pazia. Muuguzi, mama wa makamo mwenye haraka, aliniuliza kama naweza kumtafsiria nyanya yangu, kisha akataka kujua maumivu ni ngapi, sifuri mpaka kumi.

Nikamwuliza. "Mwambie mbili," Bibi akasema.

Sijui kama umewahi kusimamishwa mahali kama pale. Nilitazama nje, watu wamejaa kwenye viti, wengine wana vitambaa vya damu, na nikajua kwa mbili tutakaa mpaka jioni. Mwenye maumivu amesema. Kazi yangu ilikuwa kupitisha neno lake tu, bila kuligusa. Nikamgeukia muuguzi nikasema, "Eight."

Nilichosahau ni jezi. Bibi hakujua Kiingereza, lakini miaka ile yote mbele ya televisheni ilikuwa imemfundisha namba zote kwa Kiingereza, moja mpaka thelathini. Alinigeukia. Hakunikemea mbele ya mgeni, kwa sababu hakuwa mtu wa kumwaibisha mtoto. Walimpeleka ndani muda huo huo. Wakati wanasukuma kitanda akaniambia kwa sauti ndogo, "Nilisema mbili."

"Ndiyo, Bibi," nikasema.

Ulikuwa mfuko wa nyongo, umejaa mawe na umeanza kuoza. Alasiri ile ile walimpasua. Daktari alimwambia Mama kwamba bila upasuaji Bibi asingefika Jumanne, na Mama akarudia maneno hayo kwa Baba, kwa majirani, kwa jamaa wa Mombasa kwenye simu, kila mara akinipapasa kichwa. Jumanne hakwenda kwenye mtihani. "Nita-reschedule," alisema, kana kwamba ni kuahirisha saluni. Aliufanya miezi mingi baadaye na akafaulu, lakini miezi ile alizidi kuwaogesha wazee wa watu, na mgongo wake mpaka leo unamkumbusha.

Watu walinisifu. Bibi hakunisifu. Aliporudi nyumbani aliniitikia salamu, akanisuka nywele, akanipa kipande kikubwa cha samaki, lakini lilikuwapo jambo kati yetu. Jumamosi ya kwanza waliyokuja tena watu, mchezaji akaanguka, picha ikasimama, wakageuka. Bibi akasema yeye alishakosea, hawezi tena kuhukumu watoto wa wenziwe. Wakasema basi mjukuu, yeye ndiye mrithi. Bibi akanyoosha kidevu kwangu. "Huyu anaongeza," akasema. Wakacheka, wakidhani ni utani. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vyote, hakuna aliyenituma.

Baada ya hapo walibishana hovyo, bila mwisho, na ubishi usiokuwa na mwisho unachosha. Mzanzibari akahamia Richardson. Mkongomani akapata kazi Fort Worth, naye akaenda na kelele zake. Kila mtu akaanza kutazama mpira kwenye simu yake, kitandani kwake. Fleti zetu zilipigwa rangi nyingine, nikapita mwaka juzi nikashindwa kulijua dirisha letu. Na uwanjani wakaleta kamera zinazoona kila mguso wa ukucha. Zinaona kugusana. Kuumia haziulizwi, na wachezaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanaviringika zaidi.

Mimi pia nimekuwa muuguzi, hapa Houston. Nauliza sifuri mpaka kumi siku nzima, na ninaandika namba niliyoambiwa, hata pale ambapo uso wa mtu unaniambia nyingine. Halafu narudi kitandani kwake kila baada ya dakika tano, mpaka wenzangu wananitania.

Bibi aliishi miaka minane zaidi. Siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa nimerudi kutoka chuo. Tulishinda pamoja mchana kutwa. Alikula wali sahani mbili. Alicheka mpaka machozi, alimsema jirani mpya, alipaza sauti akidai chai ina maji mengi, hakushika popote, hakumtazama mtu kwa kuibia. Nilimchunguza tangu kichwani hadi miguuni kama alivyonifundisha, nikaona hana kitu, nikaondoka jioni kurudi chuo, moyo umetulia. Alfajiri Mama alimkuta ameshapoa.

Mama aliniuliza mara moja tu, bila lawama, kama mimi niliyekuwa naye sikuona dalili. Nikamwambia sikuona. Mpaka leo sijui kama siku ile Bibi hakuumwa, au alijua tu nitatazama wapi.