Msumari, Debe na Mkia wa Mstari

Wapo watu waliozaliwa na pumzi ya kupuliza baragumu, na wapo waliogawiwa pumzi ya kupoza chai tu. Msumari aligawiwa ya chai. Kifua kilimbana tangu utotoni. Akipanda ngazi anafika juu kama aliyebeba friji. Lakini Mungu hamnyimi mja kote. Ulimi wake ulikuwa mkali hadi mama yake, mshonaji, akawa anamwambia, "Wewe, funga mdomo, utanikatia vitambaa vya watu."

Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia anataka kuimba muziki wa kufoka, utafanyaje? Utacheka. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, na leo hao hao wanajitapa kwamba ndio waliomfundisha. Uongo mtupu! Aliyemfundisha ni cherehani. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda huku, cherehani kule chini ya dirisha. Mama akikanyaga, taka-taka-tak, Msumari anatupa mistari juu yake. Pumzi ikimwishia njiani, binamu yake anaudaka mkia wa mstari na kuumaliza. Huyo binamu, binti wa mjomba wake, ndiye Debe: kifua kipana, sauti nene, akipiga chafya mtaa wa pili wanamwitikia "afya!"

Siku yao ya kwanza jukwaani, vijana walimzomea Debe. "Debe tupu haliachi kuvuma!"

"Mimi nimejaa," Debe akawajibu. "Njoo unibebe kama una shingo!"

Basi wakawa gumzo. Mmoja anaanza, mwenzake anamaliza, kama wanaonyolewa kwa wembe mmoja. Watu wakasema ule ni ufundi wa hali ya juu. Hakuna aliyejua kwamba ni kifua tu. Siri ilikuwa ya wawili.

Redio ikawachukua. Wakapewa chumba kidogo chenye sifongo ukutani, viti viwili na maiki moja, wakatangaza vile vile walivyofoka.

"Wasikilizaji wapenzi, leo barabara ya sokoni—" anaanza Msumari.

"—imegeuka mto, bomba limepasuka, vueni viatu!" anamalizia Debe.

Wenye maduka wakawa hawafungui mlango kabla ya kufungua redio. Hiyo si sifa ya kutunga, ulizeni wenye maduka.

Ndipo akaja meneja mpya, mtu wa tai ndefu na subira fupi. Akawaita ofisini.

"Midomo miwili kazi moja ni ubadhirifu. Kuanzia kesho Msumari asubuhi, Debe alasiri. Atakayeshindwa, mlango uko wazi."

"Bosi," Debe akasema, "sisi ni mkasi. Ukiutenganisha unapata visu viwili vibovu."

"Visu ndivyo ninavyovitaka."

 Moyoni Msumari aliona mambo mawili: upacha wao umekatwa, na sasa dunia nzima itamsikia akihema.

Kesho yake akaketi peke yake. Taa nyekundu ikawaka. "Wasikilizaji wapenzi, leo barabara ya sokoni—" akasema, kisha akanyamaza, akageuza shingo kushoto kwa adabu zake zote, akingoja. Kushoto hapakuwa na mtu. Hata kiti cha Debe kilikwisha kuondolewa! Redio ikawa kimya kama kaburi. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, akapunga mikono kama anayefukuza nyuki. Meneja akatoka mbio ofisini, tai imelowa chai. Msumari akavuta pumzi, hiii, mji mzima ukaisikia, ndipo akamaliza sentensi kwa kuiburuta.

Akarudi nyumbani kichwa chini. "Mama, nimehema hewani kama mbuzi aliyefukuzwa."

"Kwani wengine hawahemi?" mama akauliza, sindano mdomoni. "Nishikie hili pindo."

Alasiri ikafika, redio iko kabatini, wimbo wa kufungulia kipindi ukaisha. Kimya. Wakangoja. Kimya tena.

"Mama, hajui kuanza!"

"Nani?"

"Debe! Maisha yake yote hajawahi kuanza sentensi!"

Kweli bwana. Yule mwanamke wa kutikisa mabati alikuwa amekaa mbele ya maiki, mdomo wazi, akingoja mwanzo uje wenyewe kama maji ya bomba. Msumari akanyakua simu, akapiga namba ya wasikilizaji.

"Halo?" Debe akaitika, sauti ya kuku aliyenyeshewa.

"Wasikilizaji wapenzi, alasiri hii—"

"—mmekaribishwa na debe lililojaa!" Debe akanguruma, bomba likapasuka.

Mama alikuwa na gauni la mteja, hakuwa na habari na hewani wala ardhini. Akakanyaga. Taka-taka-tak ikaingia kwenye simu, ikatoka mji mzima.

"Shangazi, usiache kukanyaga!" Debe akapiga kelele.

Wakafoka, huyu chumbani, yule studio. Pumzi ikamwishia Msumari. Safari hii hakuificha. Akaivuta kwa nguvu, palepale kwenye mdundo:

"Pumzi yangu haba, ni ya kupoza chai,
lakini nikihema, jueni bado niko—"

Debe alilijua neno. Mtoto mdogo angelijua. Lakini kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alifumba mdomo, akangoja. Cherehani ikapiga. Hiii.

"—hai!" akamaliza Msumari mwenyewe.

Simu za redio zililia mpaka fundi mitambo akaziba masikio. Watu walitaka kujua ule mdundo umepatikana wapi.

Asubuhi iliyofuata, Msumari na Debe walimkuta meneja kwenye korido, amebeba kile kiti cha pili kichwani akikirudisha studio, tai begani, anahema vibaya sana.

"Pole, bosi," Msumari akasema. "Anza tu—"

"—sisi tutakumalizia," akasema Debe, akampokea kiti.