Mukau wa Zombe

Mke wangu Mutindi ndiye aliyetoa mti wa lokesheni yetu ya Zombe. Bustani ya miti ya umma ilipofunguliwa mjini Kitui, kila lokesheni iliombwa kuleta mche wa kwao. Sisi tulipeleka mukau, mti wa porini kwetu, aliouotesha yeye nyuma ya jikoni. Wanawake wa kanisa walimcheka, wakasema ameipa serikali kuni.

Mwaka wa 1984 mvua ilikosa kabisa. Mutindi akawa anauliza habari za mti wake kwa kila anayetoka Kitui, kama mama mwenye mtoto bodingi. Kwaya yetu ilipoalikwa huko, alichimba mchanga wa mto alfajiri, akangoja maji yajikusanye, akajaza jerikeni.

"Mama Mutie, unapeleka maji mjini?" Kaluki, mmoja wa wale waliomcheka, alimwuliza tukiwa kwenye lori. "Huko kuna mifereji."

"Mifereji ni ya watu."

"Na ukikuta mti umekauka?"

Mutindi alikumbatia jerikeni njia nzima. Nilijua akiukuta umekufa, hao wanawake watamkumbusha mpaka azeeke.

Langoni, mlinzi aliyeitwa Nzomo alitaka kuyazuia maji. "Mama, hapa watu huja kutazama tu."

"Mimi nimekuja kusalimia," Mutindi akasema, akapita.

Tulipita kati ya miti ya kila mahali, kila mmoja na kibao chake cha bati. Mingi ilikuwa mitupu, bila jani. Kaluki alitangulia akisoma vibao kwa sauti: Mutomo, Tulia, Sultan Hamud. Halafu akasimama. Mukau wetu ulikuwa umetupita sote kwa urefu, na majani yake yalikuwa mabichi kana kwamba haukupata habari ya ukame.

Mutindi alishika shina, akauzunguka polepole. Nilidhani sasa atamwaga maji. Lakini aligeukia mti wa jirani, ulioletwa kutoka nchi ya baridi, majani yamejikunja. Akaumiminia jerikeni yote.

"Maji ya Zombe unampa mgeni?" Kaluki akauliza.

"Huyu wa kwetu ameshiba. Mgeni atalalaje njaa karibu naye?"

Nzomo, aliyekuwa ametufuata, alicheka, akasema hajawahi kuona mti ukikaribishwa. Kaluki hakucheka. Alifuta vumbi kwenye kibao cha mukau kwa pindo la leso yake, akawaita wale wengine waliobaki nyuma.

"Njooni muone mti wetu," alisema.